Namanga, Holili, Horohoro au ofisi ya Uhamiaji: siku zikikaribia kuisha, uelekee wapi?

Wapo Wakenya wengi Arusha, Moshi na Tanga ambao hawakuja Tanzania kwa ajira wala uwekezaji. Huyu anamuuguza mama mkwe, yule amekuja kumsaidia dada aliyejifungua, mwingine anafuatilia kiwanja cha marehemu baba. Wameingia kwa pasi ya mgeni, muhuri umegongwa, afisa ameandika siku, na siku zinakwisha kabla jambo halijakwisha. Ndipo linakuja swali ambalo nimeulizwa na ndugu na majirani mara nyingi: nikavukie wapi, nigongewe upya, nirudi?

Mimi ni mtu wa Mombasa. Mama mkwe wangu alipougua nilianza kukaa Arusha kwa vipindi virefu, na katika miaka hiyo nimevuka Namanga, Holili na Horohoro, na mara mbili nimeongezewa siku ofisini bila kupanda gari la mpakani. Njia zote nne zina heri yake. Ninachokiamini baada ya safari zote hizo ni kwamba watu huchagua mpaka kwa kuhesabu kilomita, ilhali kinachokuja kuwaokoa au kuwaponza ni kile kilichoko upande wa pili: je, ukiambiwa usirudi leo, utalala wapi na utampigia nani simu?

Kwanza, haki yenyewe

Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kanuni za Soko la Pamoja, lililoanza kutumika Julai 2010, zinasema unapewa pasi bila malipo na unaweza kukaa hadi miezi sita. Lizingatie hilo neno "hadi". Afisa anaweza kukuandikia miezi mitatu, na anaweza kukuandikia mmoja. Inategemea hati zako na namna ulivyojieleza. Kuna safari niliandikiwa siku 30 nikiwa nimetarajia 90, kwa kuwa nilipoulizwa naenda kufanya nini nilijibu "kutembea tu". Safari iliyofuata nilibeba barua ya hospitali anakotibiwa mama, nikaieleza hali ilivyo, nikaandikiwa miezi mitatu bila swali la pili. Ukweli ulikuwa uleule mara zote mbili. Mara ya kwanza sikuusema.

Kuvuka na kurudi hakukuzalii haki mpya moja kwa moja. Unaporudi dirishani wewe ni mgeni anayeomba kuingia, na afisa akiona mihuri ya kutoka asubuhi na kuingia mchana imepangana ukurasa mzima, ana haki ya kuuliza kama kweli wewe ni mgeni au ni mkazi asiye na kibali. Pia pasi ya mgeni haikuruhusu kufanya kazi wala kuendesha biashara, hata ukiigonga upya kila baada ya miezi mitatu kwa miaka kumi.

Asiye raia wa Jumuiya hesabu yake ni nyingine. Viza ya kawaida ya Tanzania ni ya kuingia mara moja, dola 50, isiyozidi siku 90. Akitoka imekwisha, na kurudi ni viza mpya. Kuingia Kenya, wengi wao wanahitaji idhini ya kusafiri ya mtandaoni inayoombwa kabla ya safari, ambayo tangu Januari 2024 inaanzia dola 30. Kwa hiyo kabla hajalipa nauli, kamba ya mfuko imeshalegea kwa dola 80. Na ile viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda haiihusu Tanzania.

Ninavyozipima

Nimezipima njia zote nne kwa mambo manne: njia na nauli, mlango wenyewe, yaani foleni na utaratibu, ng'ambo kuna nini ukikwama, na inamfaa nani. Nauli sizitaji kwa shilingi, kwa sababu hubadilika kila bei ya mafuta inapobadilika. Uliza stendi siku moja kabla.

Namanga

*Njia.* Kutoka Arusha ni kama kilomita 110 za lami, kupitia Longido, saa mbili hivi kama hakuna la ajabu. Gari ndogo za abiria aina ya Noah zinajaza na kuondoka kutwa nzima. Mabasi madogo ya Arusha–Nairobi nayo hupita hapo, lakini kwa safari ya kwenda na kurudi sikushauri uyapande: dereva anasubiri abiria wagonge kwa kwenda mbele, akaendelea na safari yake, na wewe wa kurudi utaachwa unatafuta gari jingine huku umelipa nauli ya basi la Nairobi.

*Mlango.* Tangu mwishoni mwa 2018 Namanga ina kituo cha huduma kwa pamoja, na kinafanya kazi usiku na mchana. Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nilikosea. Unapotoka Tanzania, hugongi upande wa Tanzania. Unalipita jengo la kwanza, unaingia jengo la Kenya, na humo ndani afisa wa Tanzania anakugongea kutoka, dirisha la jirani Mkenya anakugongea kuingia. Kurudi ni hivyo hivyo kinyume: unavuka hadi jengo la Tanzania, humo unagongewa kutoka Kenya na kuingia Tanzania. Mihuri minne, majengo mawili. Mara ya kwanza niliona jengo la kwanza, nikapanga foleni nusu saa, nikafika dirishani nikaambiwa hapa ni kwa wanaoingia. Aliyezoea utaratibu wa zamani anaweza hata kurudi akiwa na mihuri miwili tu, na kasoro hiyo itaonekana siku atakayotaka kutoka tena.

Foleni ina saa zake. Magari ya watalii yanayoondoka Nairobi na Arusha asubuhi hukutana Namanga kati ya saa nne na saa sita, na saa hizo ukumbi hujaa. Ukifika saa moja au saa mbili asubuhi utapumua. Nje, kina mama wa Kimaasai watakufuata na shanga hadi mlangoni. Hawana ubaya, ila shika pasipoti yako mkononi, usiiweke mfuko wa nyuma.

*Ng'ambo.* Namanga ya Kenya ina gesti za bei nafuu na hoteli za nyama choma, na matatu za Kajiado, Kitengela na Nairobi hazikosekani. Kulala usiku mmoja kunawezekana bila shida. Lakini kama huna mtu Kajiado wala Nairobi, siku mbili tatu za kusubiri pale ni joto, vumbi na kula akiba.

*Inamfaa* aliyeko Arusha, hasa mwenye ndugu au shughuli Nairobi na njiani. Inamfaa pia mwenzi au rafiki asiye raia wa Jumuiya, kwa kuwa maafisa wa hapo huona pasipoti za nchi nyingi kila siku na maswali yake si mageni kwao.

Holili na Taveta

*Njia.* Kwa aliyeko Moshi hakuna karibu zaidi: daladala hadi Himo, kisha gari au bodaboda hadi Holili, jumla kama kilomita 40. Kutoka Arusha ongeza safari ya kufika Moshi, na hapo faida ya ukaribu inapungua. Nauli yake ndiyo ndogo kuliko zote tatu ukianzia Moshi.

*Mlango.* Kituo cha pamoja hapa kilianza 2016, kabla ya Namanga, na utaratibu ni uleule wa kugonga kwenye nchi unayoingia. Watu ni wachache sana kuliko Namanga, na nimewahi kumaliza upande mmoja kwa dakika kumi. Uchache huo una upande wake wa pili. Afisa ana muda wa kukuangalia vizuri, kufungua kila ukurasa na kuuliza. Kwangu hilo si baya, maana ukiwa na sababu na barua yako unasikilizwa hadi mwisho. Asiyejiandaa kueleza safari yake ataliona ni zito.

Majengo mawili hayako ubavu kwa ubavu, kwa hiyo kubaliana na bodaboda mmoja kwa safari nzima na useme bei kabla ya kupanda. Panga uwe umemaliza mchana.

*Ng'ambo.* Taveta ni mji halisi, wenye watu wanaoishi maisha yao, na hiki ndicho ninachokipenda. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, ndizi na mboga hujaa, magari ni mengi, na ukisema umekuja sokoni hakuna anayeshangaa kwa sababu nusu ya Himo imekuja sokoni pia. Gesti zipo, hospitali ipo, na barabara ya lami inakupeleka Voi, kama kilomita 110, ambako kuna treni ya Mombasa na Nairobi. Niliwahi kuvuka Ijumaa, nikalala Taveta, Jumamosi nikanunua vitu sokoni, nikarudi alasiri. Ilikuwa safari tulivu kuliko zote nilizofanya, na nilipoulizwa nilikuwa wapi nilikuwa na jibu la kweli na kikapu cha kulithibitisha.

*Inamfaa* aliyeko Moshi, Marangu, Rombo au Same. Mama mwenye mtoto mdogo au mzee asiyeweza kusimama foleni ndefu. Na yeyote mwenye watu Taita au Voi.

Horohoro na Lunga Lunga

*Njia.* Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 hivi, lami nzuri. Mabasi ya Dar es Salaam–Tanga–Mombasa hupita hapo, na gari ndogo za Tanga–Horohoro zipo. Ukitokea Arusha au Moshi, safari ya kufika Tanga peke yake inakula siku.

*Mlango.* Horohoro na Lunga Lunga zimeachana kwa kilomita kadhaa, kwa hiyo hakuna kuvuka kwa miguu. Ukiwa kwenye basi, muulize kondakta kama anasubiri hadi mtu wa mwisho amalize, na ukae karibu na abiria wenzako. Ukienda kwa gari ndogo, tafuta usafiri wa kipande cha katikati kabla hujafika dirishani. Jioni magari hupungua haraka, na hili ndilo kosa la wengi: wanafika Lunga Lunga alasiri, wanamaliza vizuri, kisha hawapati gari la kurudi.

*Ng'ambo.* Lunga Lunga yenyewe ni ndogo. Uzuri wake ni kinachofuata: Msambweni, Ukunda, Likoni, Mombasa, kilomita 100 na kidogo hivi. Wadigo wako Tanga na wako Kwale, na familia nyingi zina mashina pande zote mbili. Mtu mwenye shangazi Msambweni hana haja ya kuhangaika na gesti wala kueleza sana. Anakwenda kumwamkia shangazi, analala siku tatu, anarudi. Asiye na mtu pwani, nasema kwa upendo, huu ni mpaka mgumu wa kukwamia.

*Inamfaa* aliyeko Tanga, Muheza au Pangani, na mtu wa pwani mwenye kwao kweli ng'ambo. Wa Dar es Salaam mwenye ndugu Mombasa pia, mradi aifanye kuwa safari ya siku kadhaa na si ya kugeuza.

Kutokwenda popote: ofisi ya Uhamiaji ya mkoa

*Njia.* Nauli ya daladala hadi mjini.

*Mlango.* Unaomba kuongezewa muda kabla siku zako hazijaisha. Beba pasipoti au hati yako ya safari, nakala zake, barua ya mwenyeji wako yenye anwani na namba ya simu, nakala ya kitambulisho chake, na ushahidi wa sababu: barua ya hospitali, ya shule, ya mahakama, chochote cha kweli ulicho nacho. Usitegemee kumaliza siku hiyo hiyo. Unaweza kuambiwa urudi kesho, au ulete karatasi nyingine. Nenda wiki mbili kabla, ili ukikataliwa uwe bado na siku za kuvuka mpaka kwa heshima.

Watu wengi wanaiogopa ofisi kuliko wanavyouogopa mpaka, na mimi niliiogopa. Nilidhani kujitokeza ni kujichongea. Afisa aliyenipokea mara ya kwanza alisoma barua ya hospitali, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, akaniongezea muda. Wapo waliokataliwa pia, nawafahamu. Ila kukataliwa ukiwa na siku 14 mkononi na kukamatwa umepitiliza siku tatu ni mambo mawili tofauti kabisa.

*Ng'ambo.* Haipo. Unabaki nyumbani na mgonjwa wako, na hiyo ndiyo thamani yake yote.

*Inamfaa* anayeuguza, mjamzito, mwanafunzi anayesubiri matokeo, mwenye watoto shuleni, na yeyote ambaye kilichobaki ni wiki chache tu amalize jambo lake.

Yasiyobadilika popote utakapovukia

Hati. Mkenya haingii Tanzania kwa kitambulisho cha taifa. Utaratibu wa kusafiri kwa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Beba pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria. Kama ni hati ya muda, angalia inakwisha lini, kwa sababu hutaandikiwa siku zinazoipita hati yenyewe.

Kadi ya njano. Anayeingia Tanzania kutokea Kenya anaweza kudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ni moja kwa maisha, lakini cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiikumbuke chanjo siku ya safari.

Vishoka. Kila mpaka una kijana atakayekwambia kaa hapa mama, nipe pasipoti, nakuletea imegongwa. Usimpe. Muhuri uliogongwa wewe haupo ni kosa lako wewe mwenye pasipoti, na muhuri wa bandia hugundulika. Fedha nazo, badilisha dukani, au badilisha kidogo tu ya nauli na chakula.

Tarehe. Ukishagongewa, usiondoke dirishani kabla hujasoma siku ulizoandikiwa. Kama hazitoshi, hapo hapo ndipo pa kusema kwa adabu, "Samahani afande, mgonjwa wangu ana kliniki tarehe fulani, barua hii hapa." Ukishafika Longido au Himo umechelewa.

Sasa, kwa hali yako

Kama uko Arusha, una siku 10 na hakuna anayekutegemea nyumbani, Namanga asubuhi na mapema inatosha. Ondoka na nguo ya kulalia hata kama huitarajii kuitumia.

Kama uko Arusha na unasafiri na mtoto, fikiria kuongeza saa za barabarani uende Holili. Beba cheti chake cha kuzaliwa, na kama baba hasafiri nanyi, barua yake ya ridhaa.

Kama uko Moshi, Holili siku ya soko. Kama uko Tanga na una watu Kwale au Mombasa, Horohoro, lakini uipe safari hiyo siku tatu. Kama uko Tanga na huna mtu hata mmoja pwani ya Kenya, anza na ofisi.

Aliyeko Bukoba ana Mutukula, aliyeko Musoma ana Sirari, wa Ngara ana Rusumo. Vigezo ni hivi hivi, na swali la kwanza ni lilelile la nani yuko ng'ambo.

Kama zimebaki siku mbili, usikimbilie ofisi, kwa sababu jibu linaweza kuja siku zimeshapita. Vuka mpaka ulio karibu nawe, na uwe tayari kukaa ng'ambo siku kadhaa kabla ya kurudi. Kama zimeshapita, usiende mpakani ukitumaini hawataona. Nenda ofisini ukajieleze, na uende na mwenyeji wako.

Na kama hii ni mara ya nne au ya tano unavuka kwa ajili ya muhuri, na moyoni unajua kwamba maisha yako sasa yako hapa, basi hakuna kati ya mipaka hii mitatu unaokufaa. Aliyeajiriwa, kibali chake ni cha daraja B. Mwekezaji ni A. Wanafunzi, wanaojitolea na wengine wa namna hiyo wanaangukia C. Aliyemfuata mume au mke aulize taratibu za mtegemezi. Mimi nilichelewa kuuliza kwa miaka miwili, nikipanda Noah kila baada ya siku 90 na kumwacha mgonjwa na jirani. Siku nilipouliza, niliandikiwa orodha ya karatasi sita kwenye kipande cha daftari, na tano nilikuwa nazo tayari nyumbani.